Muungano wa Sinia Moja

Swali lililoninyima usingizi wiki iliyopita ni dogo hata naona haya kuliandika: nani atachinja kuku wa sherehe yangu?

Nimemaliza chuo, shahada ya ualimu wa hisabati, na kazi bado sijapata. Hata hivyo watu wa nyumbani kwetu Mshangano, Songea, waliamua kwamba mtoto akihitimu lazima turubai lifungwe, watu wale na kunywa. Baba Mkubwa ndiye aliyeshika usukani kama kawaida yake, maana baba yangu ni mtu asiyependa maneno mengi na kila jambo la ukoo humwachia kaka yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kualika. Nikampigia Mama mdogo Hadija, mdogo wake mama, aliyeko Tunduru.

"Tutakuja, mwanangu, mimi na watoto," alisema. "Nitakuletea na korosho. Ila mimi siku hiyo nitakuwa nimefunga."

Nikamjibu sawa, nikakata simu. Mimi ni mtu ambaye ukinijibu "sawa" tu kwenye ujumbe nitashinda nikijiuliza ni sawa ya aina gani. Sasa fikiria neno kama hilo. Sherehe iliwekwa Jumamosi. Ramadhani ilikwishapita zamani. Wanaofunga sunna ninaowajua hufunga Jumatatu na Alhamisi. Nikajiambia huenda ana siku zake za kulipa. Nikajiambia huenda ni nadhiri. Lakini nilijua sivyo, kwa sababu maneno hayo nilikwisha kuyasikia kutoka kwa mtu mwingine, na kilichobaki cha mtu huyo chumbani kwangu ni kopo moja la korosho. Nikifungua kifuniko hutoka harufu ya moshi na mafuta, harufu ya korosho zilizochomwa nyuma ya nyumba, si hizi za dukani. Nikilifungua narudi utotoni bila kutaka.

Nilipokuwa mdogo, kazi yangu siku za sherehe ilikuwa kumpeleka kuku kwa Mzee Rashidi. Babu, mzaa baba, ndiye aliyenituma. Alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, na banda lake la kuku lilikuwa limejaa, lakini sikumbuki hata siku moja akichinja mwenyewe kuku wa kulisha wageni. Alimkamata, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akaniwekea kwapani. "Peleka kwa Rashidi. Mwambie babu anamsalimu." Nilipita njia ya katikati ya mahindi, joto la kuku likinipenya kwenye mbavu, moyo wake ukidunda haraka kuliko wangu, hadi kwa Mzee Rashidi fundi baiskeli. Yeye aliacha gurudumu alilokuwa akiliziba, akanawa mikono, akamlaza kuku akimwelekeza upande uleule kila mara. Alikuwa akinong'ona kitu. Niliamini anamuaga kuku. Nilimwona mtu mwenye adabu sana.

Siku moja nilimuuliza Babu kwa nini tunahangaika. "Kwani visu vyetu butu, Babu?"

"Vikali kabisa. Ila kisu changu kinalisha wachache. Cha Rashidi kinalisha wengi."

Nililichukua jibu hilo kama lilivyo. Nilidhani kisu cha Mzee Rashidi kinaongeza nyama. Kuku akirudi nilikaa jikoni kwenye kigoda nikiitazama sufuria, nikisubiri nyama ipande ifike ukingoni. Mama alinifukuza kwa mwiko akisema nitamwagikiwa. Na kweli, siku hizo nyama ilitosha. Bibi wa Tunduru, mzaa mama, alikuja kwa basi la vumbi na kapu lake, akakaa mkekani na wanawake wa Mshangano, sinia moja, na alikuwa na tabia ya kuvunja mfupa kwa meno na kuufyonza kwa sauti hadi watoto tucheke. "Mnacheka nini? Utamu uko ndani," alisema. Mzee Rashidi naye alikula upande wa wanaume. Kwangu hayo yote yalikuwa kazi ya kisu.

Kisha Babu akafariki, na Baba Mkubwa akawa mkubwa wa nyumba. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Baba Mkubwa ni mtu wa kucheka, wa kulipa ada za watoto wa watu, wa kuvua koti akuvike ukisema unahisi baridi. Siku ya sherehe ya kwanza baada ya msiba alinikuta nimembeba kuku naelekea njiani.

"Wewe, unakwenda wapi na mboga?"

"Kwa Mzee Rashidi."

"Mzee wa watu ana baiskeli za kutengeneza. Kwani hapa hatuna mikono?" Akamchukua kuku, akamaliza kazi pale pale chini ya mpera. Hapakuwa na ugomvi. Hapakuwa na kikao kilichoamua kwamba sasa mambo yatabadilika. Mtu alitaka kupunguza safari. Jioni rafiki yake akaleta kitimoto, nyama ya nguruwe, kikachomwa, na jivu la jiko hilohilo likatumika kusugulia vyungu vyote.

Ilikuwa karibu na wakati huo, nikiwa darasa la sita, ndipo nilipolijua neno muungano katika hesabu. Halikuwamo kwenye kitabu chetu. Mwalimu wetu, mama mmoja mfupi tuliyemwita Madamu, alisema tutalikuta sekondari kwa Kiingereza na hataki tulikute kama wageni. Alitutoa nje, akatandaza kamba mbili uwanjani, kila moja duara, zikapandana kidogo katikati.

"Wenye mbuzi nyumbani, ingieni hapa. Wenye bata, ingieni kule."

Watu wakajigawa. Mimi kwetu kulikuwa na vyote viwili, nikabaki nimesimama nje kama kawaida yangu, nikifikiri.

"Wewe mfikiriaji, una nini?"

"Vyote, Madamu."

"Basi simama pale kamba zilipopandana. Hapo panaitwa makutano. Ni pa wale walio huku na kule kwa pamoja. Sasa, muungano ni akina nani?" Akatuzungushia macho. "Muungano ni wote! Wa mbuzi, wa bata, na huyu wa katikati. Yeyote aliye ndani ya kamba, iwe hii au ile, yumo. Haya, huyu wa katikati nimhesabu mara ngapi?"

"Mara mbili!" tukapiga kelele.

"Kwani ana vichwa viwili? Mara moja! Yuko kwenye duara mbili, lakini mtu ni yule yule."

Walicheka, mimi sikucheka. Nilisimama pale katikati nikihisi nimeelezwa. Nilijua mara moja kwamba kamba moja ni Mshangano na nyingine ni Tunduru, moja ina kengele ya kanisa na nyingine ina adhana, na nilipo mimi pana jina. Kuanzia siku hiyo nilichora duara mbili kila mahali, kwenye vumbi, kwenye kioo chenye ukungu, kwenye uji. Niliandika kila kitu cha kwetu na kila kitu cha kwa Bibi. Katikati niliweka mama na mimi.

Sherehe ya kipaimara changu ilipofika nilifurahi kuliko kawaida, kwa sababu niliona meza ile ndiyo muungano wenyewe. Kulikuwa na pilau aliyoipika mama kwa mkono wa Tunduru. Kulikuwa na ugali, kuku wa mpera, kitimoto cha rafiki wa Baba Mkubwa, na korosho za Bibi kwenye sahani. Vyote vya huku na vyote vya kule, kila kimoja mara moja. Niliizunguka meza nikiihakiki kama mkaguzi. Kisha nikamwona Bibi ameketi mbali kidogo, kwenye kivuli cha ukuta, mikono mitupu mapajani.

"Bibi, njoo ule."

"Leo nimefunga, mjukuu wangu."

Asubuhi ile nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akinywa chai kwa muhogo. Kwa mtoto kama mimi jambo kama hilo halipiti. "Si ulikunywa chai?"

Aliangalia huku na huku, akanivuta karibu. "Nilisahau. Aliyesahau husamehewa, anaendelea na funga yake. Usimwambie mtu."

Nikaridhika kabisa. Tena nilijivuna kwamba nina siri na mtu mcha Mungu. Baba Mkubwa alikuja na sahani iliyojaa, akaambiwa, akairudisha kwa heshima na kuinamisha kichwa. "Mama, basi ukifungua utuombee na sisi wenye njaa." Watu wakacheka. Bibi naye akacheka. Jua lilipozama nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamkuta akifungua fundo la kanga. Ndani mlikuwa na korosho. Alizila mojamoja, taratibu, na maji ya kikombe cha bati, akanipa na mimi kidogo. Harufu ya moshi ilikuwa imeganda kwenye kitambaa. Huku mbele tulikuwa tukisikia watu wakiimba na mifupa ikirushiwa mbwa.

Baadaye ilikuwa hivyo kila alipokuja. Ubatizo wa mdogo wangu, amefunga. Krismasi, amefunga. Nami, kwa akili yangu ya kamba, nikatunga kanuni: sisi tukila, wao wanafunga. Niliona ni mpango mzuri, kama watu wanaopokezana zamu ya kulinda shamba. Niliwaeleza wenzangu shuleni kwamba bibi yangu ndiye mwanamke anayefunga kuliko wote mkoa wa Ruvuma, na mmoja alipobisha karibu tupigane. Na Mzee Rashidi, ambaye hakuonekana tena kwenye sherehe zetu, nilimweka kwenye kanuni hiyohiyo. Nilipopita kwake aliniuliza, "Baba yako mkubwa hajambo?" nikamjibu hajambo, na sikujua kwamba ananiuliza kitu kingine.

Kisha Bibi akaacha kuja. Alisema miguu. Barabara ilikuwa imekwisha tengenezwa, basi halikuwa tena la vumbi, lakini alisema miguu, na sisi tukaamini miguu.

Chuoni nililikuta neno langu tena, kwa Kiingereza kama Madamu alivyoahidi. Muungano huandikwa kwa alama iliyo kama bakuli lililowekwa wima. Makutano ni bakuli lilelile lililofudikizwa. Nilizijua alama hizo hadi nikawafundisha wenzangu kabla ya mtihani. Nilithibitisha kwamba jinsi unavyoongeza seti, muungano hukua au hubaki ulivyo, na makutano hupungua au hubaki yalivyo. Niliandika hivyo ubaoni, chaki mkononi, na wala sikumkumbuka mtu aliyekaa kwenye kivuli cha ukuta.

Mwaka huu Bibi alifariki. Tulikwenda Tunduru kumzika. Jioni nilikuwa uani na wanawake tukimenya viazi, na kila mmoja alikuwa akisema lake juu ya marehemu. Mimi nikatoa langu, kwa fahari.

"Mimi nitamkumbuka kwa kufunga. Kila alipokuja kwetu kwenye sherehe alikuwa amefunga. Hata siku moja hakuiacha."

Mmoja aliangalia kiazi chake.

"Kufunga?" Mama mdogo Hadija aliweka kisu chini. "Mama huyu huyu? Mama alikuwa na vidonda vya tumbo tangu sisi wadogo. Daktari alimkataza. Hata Ramadhani alikuwa hafungi, alikuwa analisha maskini badala yake. Na aliona aibu, alikuwa analia kila mwezi wa Ramadhani unapoandama. Leo ndiyo akafunge Songea, Krismasi?"

"Lakini alikuwa anasema..."

"Alikuwa anasema. Angesema nini? Kuku hujui nani kamchinja, sufuria hujui imepikiwa nini, na mtoto wake kaolewa pale. Aseme mbele za watu chakula chenu sikili?" Kisha sauti yake ikashuka. "Alikuwa akirudi kutoka kwenu anaumwa siku mbili. Tukimuuliza, anasema mlimlisha sana."

Sijui watu wengine hubeba vipi maneno kama hayo. Mimi huyageuza na kuyageuza. Nimejiuliza kama mtu asiyetia kitu mdomoni tangu asubuhi hadi magharibi, akafungua kwa korosho na maji, kweli hakufunga. Nimejiuliza zile korosho alizonigawia jioni ile zilikuwa ngapi kati ya alizokuwa nazo. Na nimefahamu, nikiwa na shahada mkononi, kile ambacho Babu alikijua bila kamba. Nilikuwa nimeijaza meza muungano wa vyakula, kila kitu cha huku na cha kule, na kwa hiyo nikaona imekamilika. Babu yeye alitaka muungano wa watu. Ukitaka watu wote walio ndani ya kamba wakae sinia moja, kitu cha kuweka kwenye sinia hiyo lazima kitoke katikati, pale padogo. Ndiyo maana kuku wake alivuka shamba la mahindi kwapani mwangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpeleka, na katika michoro yangu yote sikumwandika.

Basi Mama mdogo aliposema atakuwa amefunga, unaona kwa nini sikulala. Ningenyamaza, angekaa kwenye kivuli cha ukuta ule ule na watoto wake, na mimi ningepigwa picha na joho. Ningesema, ningekuwa namwambia Baba Mkubwa, anayegharamia kila kitu, kwamba miaka yote ile alimshindisha njaa mama wa watu. Na mama yangu je? Nilimwendea jikoni siku mbili kabla, akitwanga vitunguu saumu.

"Mama, ulikuwa unajua kwamba Bibi hafungi?"

Aliendelea kutwanga muda mrefu.

"Nilibatizwa ndipo nikaolewa hapa," alisema mwishoni. "Babu yako alipokuwepo sikuhitaji kusema neno. Alipoondoka, ningeanza mimi kusema kuku apelekwe kwa Rashidi, wangesema moyo wangu bado uko kule. Nikawa nasubiri mwingine aseme." Akajifuta macho kwa mkono wenye saumu, akayaumiza zaidi, akacheka na kulia pamoja. "Mama alinikonyeza mara ya kwanza. Alinikonyeza kabisa, kama kusema tulia. Nikatulia."

Nikatoka jikoni nikiwa sijaamua. Niliandaa hotuba kichwani, nikaifuta, nikaandaa nyingine yenye heshima zaidi. Asubuhi ya Jumamosi Baba Mkubwa alikuwa ameshanoa kisu, kiko juu ya jiwe chini ya mpera, majogoo wamefungwa miguu, na mbuzi yuko kwenye kigingi. Nikaona nikiendelea kutafuta maneno, watakuwa wameshachinjwa. Nikamwinua jogoo mkubwa, nikamweka kwapani. Moyo wake ulidunda vilevile kama wale wa zamani. Nikaanza kuondoka.

"We binti! Unampeleka wapi jogoo wangu?"

"Kwa Mzee Rashidi, Baba Mkubwa. Akachinjwe kule. Wengine na mbuzi nitarudi kuwachukua."

"Kwani hapa hatuna mikono?"

"Ipo. Lakini Mama mdogo Hadija yuko njiani anakuja, na kitimoto naomba rafiki yako akichomee kwake leo." Nikamshika jogoo vizuri. "Bibi alikuwa hafungi, Baba Mkubwa."

"Nani hafungi?"

"Bibi wa Tunduru. Alikuwa hafungi. Tumbo lilikuwa linamuuma, alikatazwa kufunga."

Alisimama akinitazama, kisha akaangalia kile kivuli cha ukuta, kana kwamba kuna mtu amesahauliwa pale.

"Na mimi nilikuwa namwambia atuombee," alisema polepole. "Kila mara. Na anacheka." Alikaa kwenye mzizi wa mpera, akasimama tena. "Mbona hakuna aliyeniambia? Mimi nilidhani... Mungu wangu. Mama wa watu."

Akaenda mwenyewe kwenye kigingi, akamfungua mbuzi, akaokota na majogoo wengine, wawili kila mkono, kamba ya mbuzi kaizungusha kiunoni. "Twende," akasema. "Usiniache nyuma, nitaingiaje pale peke yangu?" Mama, aliyekuwa akisikiliza mlangoni mwa jikoni, alikuwa ameshaanza kutoa sufuria mpya.

Mzee Rashidi sasa ni mzee kweli, haoni vizuri. Alikuwa barazani juani, na mwanawe ndiye anayeziba baiskeli. "Shikamoo, babu," nilisema, na Baba Mkubwa nyuma yangu akasema shikamoo kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Marahaba. Nasikia jogoo. Nani huyo?"

"Sisi wa pale ng'ambo ya mahindi."

"Ahaa." Aligeuza uso kuelekea sauti zetu. "Nilidhani mlihama." Kisha akamgeukia mwanawe. "Acha hilo gurudumu. Nawa mikono. Na wewe, mkubwa wa nyumba, mchana mimi nitahitaji mtu wa kunishika mkono kuja kwenu, njia siioni."

"Nitakuja mwenyewe, Mzee," alisema Baba Mkubwa.

Niliwaacha, nikaenda pembeni kwenye mahindi, nikampigia Mama mdogo. Nilisikia ngurumo ya basi na mtoto akilia.

"Mama mdogo, kuku na mbuzi wanachinjwa kwa Mzee Rashidi. Mama anapika kwa sufuria mpya. Nimeona nikuambie."

Hakujibu. Nilihesabu sababu zote za ukimya ule, mtandao, hasira, aibu, kilio. Kisha sauti ikarudi, nzito kidogo.

"Mwambie mama yako asizidishe pilipili," alisema. "Na mifupa msiwape mbwa mapema."